Viatu vya salsa vinapokutesa: dalili, chanzo na la kufanya

Kila darasa jipya la salsa linapoanza, wiki ya kwanza watu huuliza habari za hatua. Wiki ya tatu huuliza habari za miguu. "Mwalimu, goti." "Mwalimu, kucha imekuwa nyeusi." "Mwalimu, mbona nikizunguka najikuta nimehamia kwa jirani?" Nimeyasikia hayo mpaka siku hizi mtu hajamaliza kusema nimeshainama kuangalia soli yake.

Anayeanza huchagua kiatu kwa kukitazama juu: rangi, mikanda, urefu wa kisigino. Aliyezoea huanza kwa kukipindua. Soli ndiyo inayokutana na sakafu, na sakafu za Dar es Salaam hazina tabia moja. Kuna terazo ya ukumbi wa zamani, marumaru ya baa, sementi iliyosuguliwa, mbao za hotelini, na kapeti la rafiki aliyeamua sherehe ifanyike sebuleni. Kiatu kilichokupendeza Jumanne kinaweza kukutesa Ijumaa bila wewe kukosea chochote.

Haya niliyoandika ni kwa wanaoanza dansi za salsa, bachata na kizomba. Tafuta dalili yako. Chini ya kila dalili, chanzo cha kwanza ndicho ninachokikuta mara nyingi, cha mwisho ni cha nadra. Fuata mpangilio huo, maana ukianzia mwisho utanunua kiatu kipya wakati ulichohitaji ni brashi.

Mguu unabaki, mwili unaenda

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na huletwa na kiatu ambacho kila mtu anadhani ni salama: raba. Mtu anavaa raba zake za mazoezi, anajiona amekamata ardhi vizuri. Mwenzake anamzungusha, soli inalia kwiii, unyayo unabaki umeelekea mlangoni na goti limeshageukia kwenye spika.

Chanzo cha kwanza ni soli ya mpira. Raba za kukimbilia zimetengenezwa zisiteleze, na kazi hiyo zinaifanya barabara. Jipime hivi: shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, uzito uwe mbele chini ya vidole, kisha geuka polepole robo ya duara. Kiatu kinachofaa kinageuka pamoja na goti. Goti likitangulia na kiatu kikafuata kwa kurukaruka, usikubali kuzungushwa na mtu ukiwa umekivaa.

Dawa ya usiku huohuo ni soksi kuukuu. Ikate, ivishe juu ya raba ifunike sehemu ya mbele tu, kisigino kibaki wazi ili uwe na breki. Haipendezi hata kidogo, lakini inafanya kazi, na inakuthibitishia kwamba tatizo ni soli kabla hujatoa hata shilingi. Wapo wanaobandika utepe wa mafundi umeme chini ya kiatu. Mimi nawakataza, kwa sababu gundi yake inahamia sakafuni na anayekuja nyuma ndiye anayenasa.

Dawa ya kudumu iko kwa fundi viatu. Chukua kiatu chepesi cha ngozi chenye soli nyembamba, cha mtumba kinatosha kabisa, umwambie abandike swedi chini. Swedi ni ngozi iliyosuguliwa ikatoa vinyweleo laini kama mahameli, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoteleza kiasi na kushika kiasi. Mweleze fundi vizuri. Wa kwangu anakaa chini ya mwarobaini, ana mkono mzuri ajabu, lakini jozi ya kwanza niliyompelekea alibandika swedi upande wa vinyweleo ukaingia kwenye gundi. Ya pili aliibandika sawasawa, halafu kwa wema wake akaipaka dawa ya viatu na kuipiga brashi mpaka inang'aa kama ya askari wa gwaride. Hakuwa na kosa. Nani mwingine angemletea kiatu asichotakiwa kukipendezesha? Siku hizi namwambia mapema: upande wa manyoya utazame chini, na usiupake kitu.

Chanzo cha pili, kama tayari una viatu vya swedi, ni soda au bia. Tone moja la kitu chenye sukari likikauka kwenye swedi linanata. Piga brashi ya waya kavu mpaka vinyweleo vinyanyuke. Usioshe kwa maji. Swedi iliyolowa ikikauka inakuwa ngumu kama ubao.

Chanzo cha tatu ni sakafu yenyewe. Waangalie wenzako: kama wote wanakwama, kiatu chako hakina kesi. Punguza mizunguko, fupisha hatua, cheza bachata zaidi, maana haina mizunguko mingi.

Chanzo cha mwisho ni wewe mwenyewe kugeuka huku uzito umelala kisigino. Hapo hata kiatu cha bei mbaya hakikusaidii. Mwombe mwalimu akutazame miguu tu kwa wimbo mmoja.

Simama hapa. Ukisikia mlio wa "pa" ndani ya goti, goti likavimba ndani ya saa chache, likakwama halinyooki, au likawa linakuachia unapotembea, umetoka kwenye mambo ya viatu. Usilijaribu tena wimbo unaofuata "uone kama limepoa". Kaa, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na nenda hospitali ukaonwe na daktari wa mifupa. Kano zinazoshikilia goti na gegedu lililo katikati yake huumia kwa namna hiyohiyo: mguu umenasa chini, mwili unazunguka juu. Na usikubali mtu kukukanda na kulinyoosha goti lililovimba.

Nateleza kama nimekanyaga ganda la ndizi

Anza na ukaguzi wa sekunde kumi: pindua kiatu. Kama swedi imekuwa nyeusi na inang'aa, vinyweleo vimelala na kujaa vumbi. Brashi ya waya, upande mmoja, siyo kwenda na kurudi, mpaka rangi ipauke tena. Piga kila baada ya usiku mmoja au miwili ya kucheza, lakini usikwangue kama unaondoa ukoko wa wali, maana kila ukipiga unaondoa ngozi kidogo.

Mara nyingi vumbi hilo limetoka barabarani. Kiatu cha swedi hakitoki nje. Kinabebwa kwenye mfuko, kinavaliwa ukumbini, kinavuliwa ukumbini. Wanaoshuka nacho kwenye bodaboda ndio wanaoniambia swedi haidumu.

Kama soli ni ya plastiki ngumu au ya ngozi mpya iliyolainishwa, hilo ni jambo jingine. Soli ya ngozi ni nzuri, tena ina heshima yake: dansi za waltz na foxtrot zilipoingia miji yetu ya pwani, ngozi ndiyo ilikuwa soli ya kiatu cha mtu aliyevaa akavaa. Ila ikiwa mpya inateleza mno. Isugue na msasa kidogo, sehemu ya mbele tu. Plastiki haina tiba ya msasa. Ni kubandika swedi au kuiacha.

Tazama pia sakafu. Kumbi nyingine humwagiwa unga wa poda ili watu wazunguke vizuri. Kwa mwenye raba ni neema, kwa mwenye swedi ni balaa. Na kama kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kona, ihame kona hiyo.

Kitu kimoja naomba usikifanye hata ukiona wakongwe wanakifanya, nacho ni kumwaga soda chini ukanyage ili soli ishike. Inashika kweli, kwa dakika chache. Baada ya hapo umerudi kwenye dalili ya kwanza, na goti lako liko hatarini zaidi kuliko ulipokuwa unateleza.

Mguu unaogelea ndani ya kiatu

Kisigino kinachomoka ukirudi nyuma, au vidole vinakunjika vikijaribu kushikilia kiatu kisiondoke. Wengi hawaji na malalamiko haya. Huja na uchovu wa misuli ya chini ya shavu la mguu, na ukiwauliza namba ya kiatu wanakutajia namba ya kiatu cha kazini.

Hicho ndicho chanzo cha kwanza. Kiatu cha kutembelea huachiwa nafasi mbele. Kiatu cha kuchezea hukaa kama glovu. Kwenye sandali za salsa za kike, vidole vinafika mwisho wa soli bila kuning'inia. Kwenye kiatu cha kufunika, vidole vinagusa mbele bila kukunjwa. Simama juu ya karatasi jioni, baada ya shughuli za siku, maana mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, pima kwa rula. Pima miguu yote miwili, kwa sababu mara chache hulingana, na nunua kwa ule mkubwa. Mguu wa sentimita 24 huangukia karibu na namba 38 ya Ulaya. Viatu vingi vya kuchezea vinavyotoka China huandikwa kwa milimita, kwa hiyo ukiona 240 usishtuke, ndiyo hiyohiyo.

Chanzo cha pili ni ngozi kutanuka. Kiatu kilikuwa sawa, kimecheza miezi, kimelegea. Kitambaa cha satini hakitanuki kiasi hicho, lakini ngozi itakupa nafasi. Ongeza tundu kwenye mkanda. Fundi anatoboa kwa sekunde. Kama hakitoshi, weka soli ya ndani nyembamba, au kipande cha sponji nyuma ya kisigino. Usiweke sponji nene mbele chini ya vidole, utapoteza hisia ya sakafu.

Chanzo cha tatu ni kiatu kukosa mkanda kabisa. Kile cha mchuchumio cha harusini, kilicho wazi nyuma, unachokivalia kwa kukichomeka tu, hakichezewi. Hapa sina la kurekebisha. Nimeshaona kimoja kikiruka hadi mezani kwa watu wasiohusika.

Vidole vinauma, vinakufa ganzi, au kucha imekuwa nyeusi

Zitenganishe kwanza, kwani zinafanana lakini hazitoki mahali pamoja.

Kama vinauma pembeni, kwenye kidole gumba au kile kidogo, kiatu ni chembamba mbele. Rudi kwenye ile karatasi, chora mguu wote, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukizidi kiatu pande zote mbili, unaupakia mguu wako kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ngozi inaweza kutanuliwa kidogo na fundi kwa kalibu. Satini na plastiki sahau.

Kama kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, kidole kinagonga mbele. Chanzo huwa kiatu kirefu kuliko mguu, hivyo mguu unateleza kwenda mbele kila hatua, au kisigino kirefu ambacho ni kama kukaa kwenye mteremko usiku kucha. Kata kucha fupi na ya kunyooka, kaza mkanda wa juu, vaa kisigino kifupi zaidi. Kucha ikipwita kwa maumivu au ikitoa usaha, mwone daktari. Usiitoboe nyumbani kwa pini iliyochomwa moto, hata kama mtaani kuna aliyefanikiwa.

Ganzi upande wa juu wa unyayo mara nyingi ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Legeza tundu moja, subiri nyimbo mbili. Lakini ukiwa na muwako au hisia ya kukanyaga kokoto kati ya kidole cha tatu na cha nne, na haiondoki hata baada ya kuvua, huenda mshipa wa fahamu unabanwa hapo. Vaa viatu vipana mchana, pumzika kucheza, na kama muwako unaendelea baada ya wiki kadhaa nenda kaangaliwe.

Simama hapa kama una kisukari. Kwako ganzi, lengelenge au mchubuko wowote wa mguuni hausubiri wiki. Kagua nyayo kila baada ya darasa, kwa kioo kama huwezi kuinama, na jeraha lolote lipeleke kituo cha afya mapema. Na usicheze peku, hata wimbo mmoja.

Malengelenge

Kiatu kipya, jasho, au mshono wa ndani. Pitisha kidole ndani ya kiatu utafute mshono huo. Ukiuona, fundi aupige nyundo au aubandikie kipande cha ngozi laini. Kiatu kipya kivae nyumbani juu ya sakafu kavu, dakika 20 kwa siku, kwa wiki moja kabla ya kwenda nacho ukumbini. Sehemu inayokuwa nyekundu ibandike plasta kabla ya kucheza, siyo baada. Lengelenge lisilopasuka liache.

Kifundo kinayumba, kisigino kinatikisika

Weka kiatu mezani, usawa wa macho. Kinasimama wima au kinaegemea? Kishike kisigino na kukitikisa kwa vidole viwili. Kikicheza hata kidogo, skrubu au misumari imelegea. Fundi anaikaza kutoka ndani, chini ya soli ya ndani. Usikipake gundi ya haraka mwenyewe. Itashika mpaka katikati ya wimbo.

Kikiwa imara, tazama kofia ya kisigino, ile plastiki ya chini. Ikiisha upande mmoja mguu unalala upande huo. Kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kisha kunja kiatu kwa mikono. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, chuma cha ndani kinachoshikilia umbo kimevunjika au hakikuwepo. Hapo sipendekezi fundi. Kiatu hicho kimekwisha, hata kama juu kinametameta.

Vyote vikiwa sawa, basi ni urefu. Kwa mwanamke anayeanza, sentimita 5 zinatosha, na umbo la kisigino liwe pana chini kidogo, siyo msumari. Kisigino cha sentimita 7 na nusu unachokiona kwa wanaocheza jukwaani kinakungoja, hakina haraka. Hakuna sheria inayosema lazima uvae kisigino pia. Nina wanafunzi wanaocheza vizuri kwa viatu vya chini kabisa, na mguu wao haujawahi kuwauma. Kwa mwanaume, kisigino cha kilatini cha karibu sentimita 4 kinasukuma uzito mbele na kinasaidia nyonga, lakini mwezi wa kwanza kiatu cha kawaida cha ngozi chenye swedi chini kinakutosha.

Simama hapa. Ukitegua kifundo na huwezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa pembeni ya kifundo unauma vikali, unahitaji picha ya eksirei kabla ya kitu kingine chochote.

Unyayo unawaka, kisigino kinauma asubuhi

Muwako chini ya vidole mwisho wa usiku: kisigino kirefu pamoja na soli nyembamba, hasa kwenye terazo, ambayo haitoi hata punje ya huruma. Vaa kisigino kifupi zaidi, weka pedi nyembamba mbele, vaa jozi mbili tofauti kwa zamu, pumzika nyimbo mbili kwa kila tano.

Kisigino kinachouma hatua za kwanza unapoamka, kisha kinapoa ukitembea, ni utando wa chini ya unyayo unaolalamika. Viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, nyoosha shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, acha kuvaa ndala za soli bapa nyumbani. Usipoona nafuu baada ya wiki chache, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Soli imebanduka au imebomoka

Soli iliyobanduka ukingoni ni gundi iliyokufa kwa jasho na joto. Usiache viatu ndani ya gari juani. Fundi anasafisha pande zote mbili kwa msasa, anapaka gundi pande zote mbili, anaiacha mpaka isishike kidole, ndipo anabana na kugonga. Akipaka na kubandika papo hapo huku inalowa, utarudi kwake wiki ijayo.

Soli iliyobomoka vipandevipande kama keki ya jana ni jambo jingine, na huwakuta sana wanunuzi wa mitumba. Soli nyingi za povu jepesi la plastiki huoza zenyewe zikihifadhiwa miaka mingi, na unyevu unaharakisha. Kiatu kinaonekana kipya kwa sababu hakikuvaliwa, kumbe ndani kimekwisha. Nilishacheza na mtu aliyeacha njia ya makombo meupe sakafu nzima, na mwenyewe hakujua mpaka taa zilipowashwa. Kwa hiyo ukiwa soko la mitumba la Karume, kabla ya kuuliza bei, minya povu la soli kwa ukucha. Likibaki na alama ya kudumu, likinata, au likitoa unga, kirudishe kwenye lundo.